Mwanafunzi wa Nane

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha watoto wa Mukurweini kwamba mkosi ni uvivu uliovaa koti. Sentensi hiyo niliisema kwa Kiingereza, kwa sauti niliyoiazima chuo kikuu na sikuwahi kuirudisha, huku nikitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na chaki nyuma ya sikio. Wanafunzi waliiandika. Wengine waliipigia mstari. Hakuna aliyejua kwamba bwana huyo aliyekuwa akitembea mbele yao alikuwa ameamka asubuhi hiyo, akahesabu ndizi mezani, akakuta ziko saba, akala moja bila njaa ndipo akapata amani ya kuvaa suruali.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru ambapo kila kijiji kilitaka shule yake ya sekondari. Yetu ilijengwa na wakulima wa kahawa, darasa moja moja, na nilipofika na digrii yangu walinitazama kana kwamba nimeshushwa na kamba kutoka mbinguni. Nami sikuwasahihisha.

Nilifundisha fasihi ya Kiingereza. Kitabu tulichopangiwa kwa mtihani kilikuwa riwaya kongwe ya Waingereza, nene, yenye mvua katika kila sura. Jina lake silitaji, maana nimekwisha kikosea heshima vya kutosha. Habari yake yote inaingia kiganjani. Fundi wa saa katika kijiji kimoja anarithi duka la mjomba wake mjini, ila ni lazima afike mbele ya hakimu kabla ya siku fulani, asipofika duka linakwenda kwa binamu yake. Sasa huyu fundi anaamini kwamba mtu akianza safari, na wa kwanza kukutana naye awe mwanamke mwenye nywele nyekundu, safari hiyo imeingia nuksi. Na kijijini mwao yumo mwanamke mmoja tu wa nywele hizo, mjane anayefua nguo za watu. Kila fundi akitoka, anamkuta mjane amesimama darajani. Anarudi nyumbani. Mara ya pili, vivyo hivyo. Mara ya tatu, vivyo hivyo. Siku inapita, duka linakwenda, na fundi anazeeka akitengeneza saa za watu wengine na kuzilaani nywele za mjane. Kurasa mia nne.

Mwaka wa kwanza nilipoisimulia riwaya hiyo, kijana mmoja wa nyuma aliuliza, "Lakini Mwalimu, si angepita tu?"

Nilifurahi sana. Nilimwambia hilo ndilo swali la mwenye elimu. Nikawaandikia ubaoni swali ambalo nilikuwa na hakika litatoka katika mtihani siku moja: jadili nafasi ya ushirikina na bahati mbaya katika riwaya hii. Jibu langu lilikuwa na pande tatu, na pande zote tatu zilisema kitu kimoja, kwamba hakuna bahati mbaya, kuna tabia mbaya. Nyani haoni kundule.

Sasa niseme habari ya saba.

Nilizaliwa upande wa Naro Moru, kwenye baridi ya kukata masikio, na mama yangu alikuwa mtu wa kanisa. Jumapili alifunga kitambaa cheupe kichwani, akaimba, akamsikiliza mhubiri akisema saba ndiyo namba ya Mungu, akaitikia amina. Akirudi nyumbani hangeweka viazi saba sufuriani hata umtolee bunduki. Wazee wetu walikuwa wamesema tangu zamani kwamba watu saba hawafungi safari pamoja na mbuzi saba hawapelekwi malishoni, kwa kuwa saba ni namba ya mganga na kibuyu chake. Mama hakuona ugomvi wowote hapo. Ya Mungu ilibaki kanisani, ya mganga ilibaki kwa mganga, na jikoni mwake vitu vilikuwa sita au nane.

Nilipomaliza kidato cha sita nilingojea barua ya chuo kikuu kwa kubeba mizigo ya wageni waliokuja kupanda mlima. Asubuhi moja mimi na wenzangu tulipitia nyumbani kuchukua sweta yangu. Mama alikuwa akikamua ng'ombe. Alitutazama kupitia ua.

"Ati mko wangapi?"

"Saba," nikasema.

Aliweka ndoo chini. "Usitaje hiyo namba kwa mlango yangu. Ngojeni mtu mwingine. Hata kama ni mlevi wa kutoka jana, mtu ni mtu."

Nilicheka mbele ya wenzangu. "Mama, hiyo ni mambo ya zamani. Siku hizi tuko na uhuru."

Kana kwamba bendera ilipopandishwa, namba nazo ziliachiliwa kutoka kifungoni. Siku ya pili, juu kule msitu unapoisha na kinamasi kuanza, nilikanyaga kishungi cha nyasi, kishungi kikakataa, nikaanguka na gunia la sufuria za wageni. Sufuria zilishuka bonde zima zikilia. Kifundo cha mguu kilifura papo hapo. Aliyenibeba mgongoni hadi chini alikuwa ndiye mfupi kuliko wote, kwa hiyo miguu yangu iliburura njia yote ikichora mistari miwili kwenye tope. Mama alituona tukifika. Alinipikia uji, akaniwekea mbele yangu, akaenda zake kufunga ng'ombe. Ningeona afadhali anitukane.

Mtu mwenye akili angesema kinamasi kina utelezi. Angeuliza pia mbona wale sita wengine walirudi wazima, wakiimba, na bakshishi mfukoni. Mimi mwenyewe niliyasema hayo mara nyingi, kwa mdomo. Mguu ulikuwa na maoni yake. Tangu siku hiyo sikuwahi kukubali kuwa mmoja wa saba mahali popote, wala kusimamia saba ya kitu chochote, na kwa kuwa nilikuwa msomi nilijifunza kuficha. Nilikula chakula cha mchana kabla ya saa saba. Darasani, idadi ikinilazimu, nilisema "sita na mwingine". Wanafunzi wakiwa saba nilimtuma mmoja ofisini kuleta chaki ambayo nilikuwa nayo nyuma ya sikio. Niliamini hakuna mtu aliyeona.

Mwaka wangu wa tatu pale, mwalimu mkuu aligawa wanafunzi wa kidato cha tatu katika masomo ya kuchagua. Ingawa tuliita ni kuchagua, aliyechagua alikuwa yeye. Wavulana wengi aliwapeleka kilimo, wasichana karibu wote akawapeleka kushona na kupika, na waliobaki akanipa mimi. Ijumaa alibandika orodha nje ya ofisi. Jumatatu asubuhi nilifika mlangoni kwa darasa langu jipya, nikatupa jicho ndani, nikaona vichwa saba.

Nilisimama pale mlangoni kwa muda ambao mwalimu hapaswi kusimama mlangoni. Nilijifanya natafuta kitu mfukoni. Hawa hawakuwa ndizi, kwamba ningekula mmoja. Ningekaa nao miaka miwili, na mwisho wake uwe mtihani. Nilitazama huku na huku kama mtu aliyekosa basi, na kupitia kioo cha dirisha nikamwona msichana kwenye baraza, akisugua kioo hicho hicho kwa gazeti. Alikuwa mwembamba, sketi yake imeteremshwa pindo mara mbili, mistari ya mapindo ya zamani ikionekana. Kioo kilikuwa safi tayari. Nakumbuka hilo kwa sababu nilimwona vizuri sana.

"Wewe," nikamwita. "Uko darasa gani saa hii?"

"Kushona, Mwalimu."

"Unapenda kusoma vitabu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ingia."

Aliingia, akaketi kwenye dawati la mbele, gazeti bado mkononi. Nikavuta pumzi, nikaanza kuwaeleza kwamba mkosi ni uvivu uliovaa koti.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini siku hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa maneno machache na miwani mizito.

"Huyu msichana umemtoa kushona kwa nini?"

"Nimeona kipaji," nikamwambia. "Nina jicho la vipaji."

"Umekiona lini?"

"Kinaonekana tu."

Alinitazama juu ya miwani. "Haya. Lakini ujue, huyo ndiye kifungua mimba kwao, na baba yake hana subira na shule. Akifaulu anaweza kwenda chuo cha ualimu. Akianguka, mimi nitamwonyesha huyo mzee nyumba yako."

Nilicheka, lakini njiani nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimemnyakua mtoto wa watu kutoka somo ambalo pengine angefaulu, nikamtia katika kurasa mia nne za mvua ya Uingereza, kwa sababu moja tu: mimi, mhitimu wa chuo kikuu, niliogopa namba. Kama angeanguka, ingekuwa ni mimi. Si mkosi, si nyota yake. Mimi.

Kwa hiyo nilimfuatilia kuliko wengine wote. Nilimwazima kamusi yangu, nikamsahihishia insha za ziada ambazo hakuna mwingine aliyepewa. Walimu wenzangu walisema nina moyo. Nilikuwa na hofu, lakini kwa mbali vitu hivi viwili hufanana.

Naye hakuwa mwanafunzi rahisi. Hakuwa mkaidi, alikuwa na maswali. Siku moja, tulipofika mahali fundi anarudi nyumbani mara ya tatu, aliinua mkono.

"Mwalimu, yule mama wa nywele nyekundu anafanya nini kwa daraja?"

"Anapita."

"Mara tatu? Saa ile ile?"

"Ni sadfa. Mwandishi anaitumia kuonyesha udhaifu wa fundi."

"Lakini yeye anajua fundi anamwogopa?"

"Kitabu hakisemi."

"Kijiji chote kinajua, Mwalimu. Ukurasa wa kumi na mbili wanamcheka. Sasa mama mwenyewe asijue?"

Nilimwambia tuzingatie yaliyoandikwa, tusitunge kitabu chetu. Hiyo ndiyo njia ya heshima ambayo mwalimu hutumia kusema hana jibu.

Kipindi cha mvua ndefu niliwapa ile insha ya ushirikina na bahati mbaya. Saba kati yao, samahani, sita na mwingine, waliniandikia pande zangu tatu kama nilivyozitoa, nami nikawagawia alama kwa ukarimu wa mtu anayejisoma mwenyewe. Yeye aliandika kitu kingine kabisa. Aliandika kwamba katika riwaya hii hakuna bahati mbaya hata moja. Kuna mwanamume mwenye woga na mwanamke anayeujua woga huo. Mjane hana shamba, hana mume, hana mtu wa kumsikiliza kijijini, na kitu pekee alicho nacho ni nywele ambazo mtu mmoja anaziogopa bila sababu. Aliandika, "Mtu akiogopwa bure, hujifunza kusimama mahali ataonekana."

Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Ilinikera, na mtu akikerwa na ukweli hutafuta kosa la sarufi. Nilipata manne. Kwa wino mwekundu niliandika chini: "Hakuna ushahidi. Jibu swali." Kwa hesabu yangu insha ilistahili saba juu ya ishirini. Nikampa nane, kwa sababu mnazozijua.

Alipoipokea aliitazama ile nane kwa muda, akatabasamu kidogo, akaikunja ndani ya daftari. Tabasamu lile sikulielewa. Nilidhani ni adabu. Usiku huo sikulala vizuri, kwa sababu nilijiambia kama anaandika hivyo Novemba ya mwaka unaofuata, ataanguka, na atakuwa ameangushwa na ndizi yangu ya asubuhi.

Mwaka wa mtihani ukafika. Siku ya karatasi ya fasihi nilitangulia shuleni. Mtihani ulikuwa uanze saa tatu, na ilipogonga saa mbili kasorobo watahiniwa wangu walikuwa wamejipanga nje ya darasa, wamechana nywele, wamenoa penseli za akiba. Niliwahesabu bila kutaka. Nikawahesabu tena.

"Mwenzenu yuko wapi?"

Walinijibu kwa pamoja kwamba yule kijana wa kutoka ng'ambo ya kilima, karibu na soko la Gakindu, ana matubwitubwi tangu jana na uso umefura hadi macho hayaonekani. Walisema kwa huzuni, na mimi nikahuzunika pia, lakini lazima niseme kweli: huzuni yangu haikuwa ya kijana. Mbele yangu walisimama watu saba wakingoja kuanza safari, na wa mbele katika mstari alikuwa yule msichana, mikono imekunjwa kifuani, akinitazama usoni.

Nilikimbia hadi kiwanda cha kahawa, nikaomba wilbaro. Mlinzi aliniuliza ya nini. Nikamwambia ni ya mtihani. Nilishuka bonde na kupanda kilima nikiisukuma tupu, tai ikinipiga shingoni, kinamama wakisimama shambani kunitazama. Nilipofika, mama wa kijana alikuwa akimkanda mwanawe kwa maji ya moto.

"Mwalimu, huyu hawezi. Tazama uso, umefura kama mkate."

"Mama, mtihani haungoji uso."

Tulimfunga blanketi tukamtia ndani ya wilbaro. Mama yake alilia, akaniombea baraka kwa kizazi changu chote. Njiani kijana alilalamika kupitia blanketi kwamba ningemwacha tu afe nyumbani kwao. Nilimwambia asiseme ovyo, elimu ni kitu cha kufia. Tulifika saa tatu kasoro dakika chache. Msimamizi wa mtihani alitaka kukataa, kisha akamwona mwalimu mwenye tope hadi magotini, mikono imechubuka, akalainika, akampa mgonjwa dawati la pembeni karibu na dirisha lililo wazi. Wakawa nane. Nilikaa chini kwenye nyasi, nikamshukuru Mungu, na nadhani nilimshukuru mganga pia, sikumbuki vizuri.

Habari ilienea vijiji vyote. Mwalimu aliyembeba mgonjwa kwa wilbaro! Mama wa kijana aliniletea jogoo. Mhubiri alinitaja kanisani kama mfano wa mchungaji aliyemfuata kondoo mmoja. Nilikaa kwenye benchi nikitazama viatu vyangu. Wiki tatu baadaye matubwitubwi yalinipata mimi, na mtu mzima hayamwachi bila kumwaibisha. Nilifura mashavu na kwingineko, nikalala kitandani siku kumi na moja nikinywa uji kwa mrija. Walimu wenzangu walinitembelea wakasema ni thawabu ya upendo.

Matokeo yalipokuja, kijana wa wilbaro alikuwa amefaulu. Wote nane walifaulu, na aliyewaongoza ni msichana wa dirishani, kwa alama ambayo shule yetu haikuwa imewahi kuipata katika somo hilo. Mwalimu mkuu alinipa mkono. "Kweli una jicho," akasema. Nilijiambia kwamba bila shaka msichana mwishowe alikubali pande zangu tatu. Akaenda chuo cha ualimu, na mimi nikaendelea kufundisha, sasa nikiwa na sifa mbili nisizostahili.

Miaka ikapita, zaidi ya kumi. Yule msichana akawa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana karibu na kwetu Naro Moru, na siku ya kutoa zawadi akaniandikia barua ya kunialika kuwa mgeni. Nilikwenda na suti yangu ya harusi, ambayo ilikuwa imeanza kunikana tumboni. Mbele ya wazazi na wasichana waliopangwa kwa mistari, alisimama akanionyesha kwa mkono.

"Kuna siku nilikuwa nafuta dirisha," aliwaambia. "Mwalimu huyu alinitazama mara moja akaona kitu ambacho nyumbani hakuna mtu alikuwa ameona. Nyinyi pia, kuna mtu atawaona."

Walipiga makofi. Wazazi walisimama. Aibu ilinipanda kutoka kwenye soksi. Nimewahi kudanganya watu, lakini sikuwahi kudanganywa na uongo wangu mwenyewe ukiwa umevalishwa vizuri namna ile. Siku za mwizi ni arobaini, nami nilikuwa nimekwisha kuzipita mara nyingi.

Baadaye tulikunywa chai ofisini kwake, wawili tu, na sahani ya nduma. Mlima ulikuwa umefunguka dirishani, mweupe kileleni. Niliweka kikombe chini.

"Mwalimu," nikamwambia, maana sasa tulikuwa tukiitana hivyo sote wawili, "nina jambo nataka kukuambia, na ukitaka kunifukuza baada ya hapo, sawa. Siku ile sikuona kipaji. Sikuona kitu. Walikuwa saba ndani ya darasa, na mimi... mimi naogopa saba. Nilikuwa nataka mtu wa nane. Angekuwa ni mlevi aliyepita njia, ningemwingiza."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akatoa kitambaa akafuta macho.

"Ati unadhani sikuwa najua?"

Kipande cha nduma nilichokuwa nimeshika nilikirudisha sahanini.

"Mwalimu, shule yote ilikuwa inajua. 'Sita na mwingine!' Tulikuwa tunaigiza hiyo njiani tukienda nyumbani. Sasa siku hiyo ya orodha, baba alikuwa ameshasema: kama ni kushona, atatoka shule, shangazi yake ako na cherehani hapo Gakindu, atafunza yeye bure. Nilisoma orodha ya hedimasta, nikahesabu watu yako, nikakuta ni hao sita na mwingine. Nikaenda kwa cucu nikilia."

"Nyanya yako?"

"Cucu aliniambia: wacha kulia. Mtu wa kwetu hawezi kukaa na watu saba, hata akisoma mpaka ng'ambo. Jumatatu nenda usimame mahali macho yake itaanguka. Usiombe kitu. Simama tu." Alinimiminia chai nyingine. "Nikaiba gazeti kwa ofisi. Hiyo dirisha nilifuta kutoka saa moja. Mikono iliniuma wiki mzima."

Nilikaa nikimtazama yule msichana wa dirishani, nikaona daraja, nikaona mjane, nikaona fundi wa saa amegeuka kurudi nyumbani. Miaka yote ile nilikuwa nimefundisha kitabu nikiwa ndani yake, na sikuwahi kujitambua.

"Na ile siku ya wilbaro?" nikauliza.

"Hiyo tuliombea tu ukumbuke kuhesabu."

Alifungua droo ya meza, akatoa daftari kuukuu, na katikati yake karatasi iliyokunjwa hadi mikunjo ikachanika. Ilikuwa ile insha. Wino wangu mwekundu ulikuwa umegeuka kahawia: hakuna ushahidi, jibu swali. Nane juu ya ishirini.

"Mtihani wa mwisho niliandika hii hii," akasema kwa upole. "Ile ulikataa. Hao wa kusahihisha mtihani waliipenda. Sasa kwa sababu leo uko hapa, na ushahidi uko nao, nataka unisahihishie tena. Tafadhali, Mwalimu."

Alinipa kalamu nyekundu. Nilivaa miwani nikaisoma yote, polepole, kama inavyopaswa kusomwa mara ya kwanza. Yale makosa manne ya sarufi yalikuwepo bado. Mwisho ulikuwa wa haraka kidogo. Lakini ile sentensi ya mtu anayeogopwa bure ilikuwa pale pale, na safari hii haikunikera, ilinichoma. Nilitaka kulia na sikulia, kwa sababu ya suti. Nilipima kwa haki, kama nilivyofundishwa kupima, na moyoni mwangu nilijua ilistahili kumi na saba.

Nikashika kalamu. Nikaitazama karatasi. Nikaandika kumi na nane.

Aliichukua, akaisoma alama, akanitazama usoni vile vile alivyonitazama siku ya mtihani.

"Bado, Mwalimu?"

"Bado," nikasema.

"Asante," akasema, akaikunja insha yake akairudisha ndani ya daftari.